Mafuta ya Cherehani

Kwa miaka thelathini na minane Bi Cherehani alishona vifuniko vya viti vya magari. Teksi, malori, gari la daktari wa meno, basi la shule, hata lile gari jeusi la kubebea maiti, vyote vilipita chini ya sindano yake. Aliweza kukuambia kwa kupapasa tu kiti cha dereva kwamba mwenyewe ana uzito gani na huegemea upande upi akichoka. Lakini kukikalia kiti hicho gari likiwa linatembea, hakuwahi. Siku alipotimiza miaka sitini na moja aliweka kijiko chini, akatangaza kwamba yatosha, sasa anataka leseni.

Mwanawe alipaliwa na maji. Mke wa mwanawe hakupaliwa, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikuwa na shule ya udereva: chumba kimoja kilichobandikwa mabango ya alama za barabarani, na gari dogo jeupe lenye pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu.

“Tuelewane, Mama,” alimwambia mama mkwe wake siku ya somo la kwanza. “Nyumbani mimi ni mtoto wako. Ukisema chumvi imezidi, imezidi. Lakini ndani ya gari hili mimi ni mwalimu. Nikisema simama, unasimama kwanza, swali baadaye.”

“Sawa, Mwalimu,” alijibu Bi Cherehani, kwa unyenyekevu uliomtia mkwewe wasiwasi.

Na kwa kweli alikuwa mwanafunzi mzuri. Mikono iliyozoea kuongoza kitambaa ilishika usukani bila kutetemeka, na mguu uliozoea pedali ya cherehani ulijua kuongeza na kupunguza taratibu. Kilichomsumbua ni breki. Kila alipoikanyaga, gari lilitoa mlio mwembamba, mrefu, kama paka aliyekanyagwa mkia na ambaye anakusudia kwenda kushtaki. Watu waligeuka. Kwenye makutano ya barabara kijana wa kuuza magazeti alizoea kupiga kelele, “Huyo mbuzi mchinjeni au mwachieni!” Na ng'ambo ya barabara, kwenye mlango wa shule nyingine ya udereva yenye magari matatu, Bwana Klachi alikuwa akitoka nje kila akiusikia mlio ule, akaweka kiganja sikioni na kufumba macho kama anayesikiliza kwaya.

Bwana Klachi alipewa jina hilo kwa sababu jibu lake kwa kila swali duniani lilikuwa, “Kwanza klachi.” Yeye na Mwalimu walisalimiana kwa kidevu tu, tangu mwaka ule wanafunzi wawili walipohama shule yake wakaja kwa Mwalimu.

“Mwalimu, hii breki inaumwa nini?” Bi Cherehani aliuliza.

“Haiumwi, Mama. Ni ukavu tu. Unajua, kwenye kila gurudumu la mbele kuna diski inayozunguka, na kuna chuma kinachoibana, kinaitwa kalipa. Hiyo kalipa inateleza juu ya pini mbili. Vumbi likiingia, grisi ikakauka, pini zinagoma, pedi, vile vibao vinavyoibana diski, zinatetemeka, ndiyo hiyo kelele. Jumamosi nitaifungua niisafishe.”

Jumamosi ikafika, wakaja wanafunzi watano. Jumamosi ya pili wakaja sita. Ya tatu Mwalimu alirudi nyumbani miguu imevimba, akalala na viatu. Breki ikaendelea kulia wiki nzima iliyofuata, na mtihani wa Bi Cherehani ulikuwa Jumanne baada ya wiki hiyo.

Ukavu, chuma, kelele. Mambo hayo matatu Bi Cherehani alikuwa ameishi nayo tangu usichana. Cherehani yake haikuwahi kwenda kwa fundi hata mara moja, kwa sababu kila asubuhi kabla ya kuketi aliidondoshea mafuta, tone moja moja kwenye kila tundu. Mtu akikuambia chuma kinalia kwa ukavu, unahitaji kusubiri Jumamosi ya nini?

Ijumaa, kulipopambazuka, alitoka uani na gauni la kulalia na kopo lake la mafuta, lile lenye mdomo mrefu mwembamba. Akachuchumaa kando ya gurudumu la mbele, akachungulia katikati ya matundu ya rimu. Aliiona diski iking'aa kama sahani, na kando yake donge la chuma lenye kutu, ambalo alilitambua kuwa ndiyo kalipa. Akalidondoshea matone matatu. Halafu akafikiri. Kinachosuguana na mwenzake ni nini hasa? Ni hiyo sahani. Basi yenye shida ya ukavu ni sahani. Akaipaka mafuta mpaka ikameremeta. Akazunguka upande wa pili akafanya vilevile, kwa kuwa hakupenda upendeleo. Kisha akakumbuka kwamba gari ni kubwa kuliko cherehani, akarudi kumalizia kopo zima, nusu huku, nusu kule. Alifuta matone yaliyoanguka chini, akaingia ndani kuchemsha chai, moyo mweupe, akijiona mama mkwe ambaye kila mwanamke angemtamani.

Saa tatu walitoka. Getini Bi Cherehani alikanyaga breki, na gari halikutoa hata mguno. Lilichelewa kidogo kusimama, lakini kimya chake kilikuwa kama kimya cha maktaba.

“Hee!” alisema Mwalimu. “Leo imetulia.”

“Labda imepata nafuu yenyewe,” alisema Bi Cherehani, akitazama nje.

Barabara ya mtaa wao huteremka kidogo kabla ya kufika makutano. Walikuwa wakienda mwendo wa mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Bi Cherehani aliona gari limesimama mbele, akakanyaga breki kama alivyofundishwa, polepole, halafu kwa nguvu, halafu kwa nguvu zote alizojaliwa.

“Simama, Mama.”

“Nimesimama!”

“Hujasimama!”

“Mguu wangu umesimama, gari ndilo halijasikia!”

Mwalimu akakanyaga pedali yake. Ilikuwa kama kukanyaga sabuni. Akashika usukani kwa mkono mmoja, akavuta breki ya mkono kwa mkono wa pili, na gari likaacha lami likaingia kwenye uwanja wa fundi makochi, ambaye kila asubuhi hupanga makochi yake nje ili wapita njia wayatamani. Kwenye kochi kubwa jekundu, katikati, aliketi fundi mwenyewe na kikombe cha chai. Gari lilikuwa limeshapoteza karibu mwendo wake wote. Lililigusa kochi kwa upole, likaanza kulisukuma. Fundi makochi alisafiri kinyumenyume hatua sita hivi, macho yakiwatazama wanawake wawili nyuma ya kioo, kikombe kimeinuliwa juu, mpaka kochi likaegemea rundo la sponji, mguu mmoja wa kochi ukavunjika, na safari ikaishia hapo.

Hakuna aliyeumia. Fundi makochi alitazama ndani ya kikombe chake, akaona chai ipo, akanywa.

“Wateja wengine,” alisema, “hupiga hodi.”

Mwalimu alishuka, akaomba radhi mara nne mfululizo, akainama kulitazama gurudumu. Fundi makochi naye aliinuka, akanusa hewa. Akanusa tena.

“Ajabu. Gari lenu linanuka kama karakana yangu. Haya ni mafuta ya cherehani.”

Mwalimu alipitisha kidole kwenye matundu ya rimu, akakitoa kinang'aa. Akakinusa. Wakati huo Bi Cherehani alikuwa ameinamia kochi, akichunguza mshono wa mto kwa makini ambayo mshono ule haukustahili.

“Mshono huu umepinda,” alisema, bila kumtazama mtu.

“Mafuta,” alisema Mwalimu. “Kwenye diski. Na upande wa pili pia! Mama, hii si bahati mbaya. Mtu amekuja uani kwangu akanimwagia mafuta kwenye breki. Alitaka tufe.”

“Kufa ni neno kubwa, mwanangu.”

“Na namjua. Nani anayefurahi breki yangu ikilia? Nani anasimama mlangoni kunicheka? Na mke wake ana cherehani!”

“Wanawake wengi wana cherehani,” alisema Bi Cherehani, sauti imemnyauka.

“Mama, usimtetee!” Na Mwalimu akaondoka mbio kuelekea shule ya Bwana Klachi, kidole chenye mafuta kimenyooshwa mbele yake kama ushahidi mahakamani.

Bi Cherehani alibaki ameshika mto. Kukiri halikuwa jambo dogo. Yeye ndiye aliyemweleza binti yule, wiki ya kwanza ya ndoa, kwamba kitu cha mtu hakiguswi bila kuuliza. Alimweleza hivyo kwa sababu ya mkasi. Alimweleza tena kwa sababu ya sufuria. Miaka tisa alikuwa akimweleza. Leo aende akaseme nini?

Fundi makochi alimtazama, kisha akalitazama gari, kisha akamtazama tena. Yeye na Bi Cherehani walikuwa wakinunua mafuta ya cherehani duka moja.

“Bi Cherehani,” alianza taratibu.

“Nyamaza,” alisema Bi Cherehani, akautupa mto, akaanza kukimbia.

Hakuwa amekimbia tangu mwanawe alipokuwa mdogo. Kiatu kimoja kilimvuka katikati ya barabara, akakiokota, akaendelea nacho mkononi. Alipofika, darasa la Bwana Klachi lilikuwa limejaa wanafunzi wamekodoa macho. Bwana Klachi alisimama ubaoni na fimbo yake ya kuonyeshea alama, mdomo wazi, na Mwalimu alikuwa mbele yake na kile kidole.

“...na kama una kinyongo, uje useme ana kwa ana! Mama wa watu alikuwa kwenye usukani! Ana miaka sitini na moja!”

“Kwanza kla... kwanza nieleze, mafuta gani?” alisema Bwana Klachi.

“Ni mimi,” alisema Bi Cherehani pale mlangoni.

Mwalimu aligeuka. “Ni wewe nini, Mama?”

“Ni mimi niliyetia mafuta. Kopo zima. Nusu kila upande.”

Mwalimu alionekana kama mtu aliyejaza maji mashavuni na hana pa kuyatemea.

“Ulisema ni ukavu,” alisema Bi Cherehani kwa sauti ndogo.

Bwana Klachi aliwatazama wote wawili. Hapo angeweza kulipiza kisasi cha wale wanafunzi wawili, na Mwalimu alilijua hilo, akasubiri kichwa kimeinama. Lakini yule bwana aliligeukia darasa lake.

“Nani ataniambia mama huyu alikosea wapi?”

Mwanafunzi mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. “Hakukanyaga klachi.”

Kicheko kilichofuata kilimfanya Bi Cherehani mwenyewe ajishike mbavu, kiatu bado mkononi. Mwalimu ndiye pekee ambaye hakucheka. Aliomba radhi kwa maneno machache, yaliyonyooka, bila kujitetea. Bwana Klachi alikuna shingo.

“Mwaka wangu wa kwanza,” alisema, akiwa ameshusha sauti ili darasa lisisikie, “mimi nilipaka grisi kwenye pedi zenyewe, upande ule unaobana diski. Nilisimamishwa na ukuta wa kituo cha polisi. Subiri hapo.” Akaingia stoo, akarudi na tyubu. “Hii ndiyo grisi ya pini za kalipa. Haiyeyuki kwa joto. Iliyobaki utanirudishia.”

Njiani Mwalimu hakusema neno. Bi Cherehani alitembea nyuma yake hatua mbili, jambo ambalo halijawahi kutokea.

“Nigombeze basi,” alisema mwishowe.

“Siwezi kukugombeza. Wewe ni mama mkwe wangu.”

“Kimya chako ni kibaya zaidi.”

“Siwezi, Mama. Sina mdomo huo.”

Bi Cherehani alisimama akafikiri. “Basi twende tukakae garini.”

Gari lilikuwa bado limebusiana na kochi. Waliingia, kila mmoja kwenye kiti chake, wakafunga milango, Mwalimu akapandisha vioo. Fundi makochi, aliyekuwa akipima mguu mpya wa kochi, aliinua macho akaona mdomo wa Mwalimu ukienda kasi, mikono ikirushwa, kidole kikigonga dashibodi, bila sauti yoyote kutoka. Bi Cherehani alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, akiitikia kwa kichwa. Ilichukua muda wa kutosha fundi kupima, kukata na kupiga msasa. Kisha vioo vikashushwa.

“Na mimi pia,” alimalizia Mwalimu, sauti imelegea, “Jumamosi tatu nilikuahidi. Mwalimu wa udereva anayefundisha na breki inayolia. Kosa ni langu pia.” Akafungua mlango, akazunguka, akamfungulia mwenzake. “Pole, Mama. Twende nyumbani ukanywe maji.”

Gari lilivutwa kwa kamba hadi uani, na kesho yake, Jumamosi, Mwalimu aliwaahirisha wanafunzi wote. Alilegeza nati za magurudumu, akapiga jeki, akaweka stendi chini ya gari, kisha akalitikisa ili mama mkwe aone kwamba haliangukii mtu. Bi Cherehani aliketi kwenye kigoda na aproni yake ya kazi, akapewa amri moja: asiguse kitu mpaka aambiwe. Aliitii kwa uchungu.

Kalipa ya kwanza ilifunguka bila shida. Mwalimu hakuiacha ining'inie kwa mpira wake unaopitisha mafuta ya breki. Bi Cherehani alichomoa kipande cha mkanda wa kitambaa mfukoni, wakaifunga juu kwa fundo ambalo fundi yeyote angelionea wivu. Pedi za zamani zilikuwa zimelowa mafuta, na Mwalimu alizitupa papo hapo.

“Hata ukizifua?” aliuliza Bi Cherehani.

“Hata ukizifua. Zikishanywa mafuta, zimekufa.”

Diski ilisafishwa kwa dawa ya breki na kitambaa safi, mara tatu. Pini ya juu ilitoka ikiwa kavu kama kijiti. Ile ya chini ilikataa. Mwalimu aliivuta, akaigonga, akaiita majina. Jasho likamtiririka. Alikuwa ameinua nyundo kubwa zaidi Bi Cherehani alipokohoa.

“Naruhusiwa?”

“Mama, hii si sindano.”

“Kitu kilichokwama hakivutwi. Unakizungusha kwanza, huku na huku, mpaka kisahau kwamba kimekwama.”

Akashika spana kwa vidole vyake vilivyokomaa, akaizungusha ile pini kidogo kulia, kidogo kushoto, kidogo kulia, akiimba puani. Ilimchukua dakika kumi. Ikatoka. Aliishikilia juu kwenye jua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Walisugua kutu kwa brashi ya waya pale pedi zinapokalia. Grisi ya Bwana Klachi ikapakwa kwenye pini, na tabaka jembamba sana kwenye migongo ya pedi mpya na kwenye vipembe vyake vinavyoteleza. “Mgongoni tu,” alionya Mwalimu. “Usoni hata kucha yenye grisi isipite.” Bi Cherehani alikwenda kunawa mikono kwa sabuni, akarudi, akaitazama, akaenda kunawa tena. Kisha upande wa pili, mwanzo hadi mwisho. Kabla gari halijasogea hata inchi moja Mwalimu alimkalisha kwenye usukani akanyage breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu.

Walizunguka mtaa polepole, wakisimama na kuondoka, wakisimama na kuondoka. Gari lilisimama pale pale lilipoambiwa, na halikulia. Kijana wa magazeti alilitazama likipita, akakosa la kusema. Ila sasa, mlio ulipoondoka, Bi Cherehani alianza kusikia mengine yote.

“Kinachogonga nyuma ni nini?”

“Jeki. Sikuifunga vizuri.”

“Na kinachopuliza?”

“Kioo chako kiko wazi, Mama.”

Jumapili alishona kifuniko kipya cha kochi jekundu, na mshono ule uliopinda akaunyoosha bila kuombwa. Fundi makochi alilirudisha kochi mahali pake, lakini safari hii aliweka mawe mawili makubwa mbele ya uwanja.

Jumanne mkaguzi wa mtihani alikuwa mtu mnene asiyecheka, mwenye kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye ubao wake. Bi Cherehani aligeuza gari, akarudi kinyumenyume, akapanda mlima na kuondoka mlimani bila gari kurudi nyuma. Kwenye taa nyekundu alisimama.

“Mama,” alisema mkaguzi, “kati yako na gari la mbele basi zima linaweza kuegeshwa.”

“Najua, mwanangu. Liache lipite likitaka.”

Mkaguzi aliandika jambo refu. Mwisho wa safari alichana karatasi akampa. Amefaulu, ila ajifunze kuwaamini walio mbele yake.

Wakati wa kurudi Mwalimu aliketi upande wa abiria, cheti cha mama mkwe mapajani. Alisema, “Hongera, Mama,” akasema tena, kisha kichwa kikaegemea kioo. Katika miaka yote aliyofanya kazi ile hakuwahi kufumba macho kwenye kiti hicho mtu mwingine akiendesha. Sasa alilala fofofo, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea.

Bi Cherehani alipofika nyumbani aliona mwanawe amesimama getini akimpungia mkono. Alimpungia naye, akapita. Akazunguka mtaa, akapita tena. Mara ya tatu mwanawe alikuwa ameacha kupunga, ameshika kiuno.

Mwalimu alijigeuza. “Tumefika?” aliuliza, macho yamefumbwa.

“Bado,” alisema Bi Cherehani, akakata kona taratibu. “Lala.”